Kusomea burudani tiba: ya kuuliza kabla hujalipa ada

Jina lenyewe ndilo linaloponza. Mzazi wa Mjini au wa Wete akisikia mtoto wake anataka kusomea "burudani tiba", kinachomjia kichwani ni taarab, pwani na watalii. Si hivyo. Ni taaluma ya kumrudishia nguvu za mwili, akili na utu mtu aliyeumwa au mwenye ulemavu, kwa kutumia shughuli anazozipenda mwenyewe, zilizochaguliwa, zikapimwa na kuandikwa kwenye faili lake kama inavyoandikwa dawa. Mchezo usio na lengo lililoandikwa ni mchezo tu. Una faida yake, lakini hauhitaji shahada.

Tuchukue bao, maana kila baraza inalijua. Mzee amepata kiharusi, mkono wa kushoto umelegea. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ukimtia moja kwa moja kwenye bao la Kiswahili, lile la kila mmoja kuanza na kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, yaani za kuingiza moja moja kila zamu, umemlemea: lina hesabu nyingi na kukumbuka kwingi. Muanzishie bao la kujifunza, kete 2 kila shimo. Ubao uweke juu ya meza inayofika usawa wa kiwiko. Jamvini atainama, na kiuno kikichoka mkono hauna kazi utakayoifanya. Komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, ni laini na zinateleza. Basi siku za mwanzo tumia kokoto zenye ukwaru, na komwe zirudi kidole gumba na cha shahada vikishaanza kushikana vizuri.

Kuna jambo wanafunzi wengi hulikosa. Baadhi ya wagonjwa hawa huusahau kabisa upande wa kushoto, macho yakiwa mazima. Mzee anacheza mashimo ya kulia tu, na wenzake wanadhani anadanganya au amechanganyikiwa. Funga kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa ubao na mfundishe kukitafuta kwa macho kabla ya kila zamu. Dakika 20 zinatosha kwa kuanzia. Kichwa huchoka kabla ya mkono, na dalili ya kwanza ni kukosea hesabu aliyokuwa akiipata.

Sasa lengo. "Afurahi na achanganyike na wenzake" si lengo, ni dua. Nani atalipima? Andika hivi: "Ndani ya wiki 4, ataokota na kusambaza kete 16 kwa mkono wa kushoto bila kusaidiwa, katika vikao 3 kati ya 4." Ukishaandika namna hiyo, daktari, muuguzi na mtoto wa mgonjwa wote wataona kama kazi inakwenda. Chuoni utafundishwa hatua nne, na zitakuandama mpaka mtihani wa mwisho: kupima hali, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Inayovurugwa sana ni ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi ana hamu ya kuanza kucheza. Ndiyo maana utafundishwa pia vipimo vya kawaida, kama kile cha Berg cha kupima mizani ya mwili, chenye vitendo 14 na alama 56. Aliye chini ya 45 ni wa kuangaliwa sana asianguke, kwa hiyo ngoma ya kusimama si ya kuanzia nayo.

Fani hii inadai anatomia na fiziolojia, saikolojia ya maradhi ya akili, na somo la ukuaji wa binaadamu tangu utoto hadi uzee. Aliyetoka kidato cha sita upande wa sanaa anaweza kuzimudu, lakini ajue kwamba anatomia haina huruma. Na sababu ya kuidai inaonekana kazini. Mgonjwa anayetumia chlorpromazine, dawa ya maradhi ya akili, akiwekwa uwanjani saa sita ya mchana, ngozi yake huungua upesi kuliko yako. Akiwa pia anapewa dawa ya kuzuia mtetemeko, jasho linaweza kupungua na joto likamuangusha. Kwa wodi ya akili, bustani ni asubuhi mapema au baada ya alasiri. Mwenye kifafa haogelei baharini bila mtu wa kumshika karibu yake, hata maji yakiwa ya kiunoni. Kusuka ukili ni shughuli nzuri mno kwa mikono na kwa mazungumzo, ila shazia na visu vya kuchania mkindu vinahesabiwa kabla ya kikao na baada yake. Kisipopatikana kimoja, hatoki mtu.

Kwa Pemba nitaongeza la mkarafuu. Aliyeanguka mtini akaumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni, akiwa kitini kwenye mchezo anaweza kushikwa ghafla na kichwa cha kugonga, uso kuiva na jasho kutoka juu ya pale alipoumia. Hilo si joto. Presha inapanda kwa hatari, na mara nyingi chanzo ni mpira wa mkojo uliojikunja. Mkalishe wima, usimlaze. Legeza mkanda na nguo, nyoosha mpira, na muite daktari. Hao hao ndio walioianzishia dunia michezo ya Paralimpiki: mwaka 1948 Dk. Ludwig Guttmann aliwakusanya askari 16 wenye majeraha, wanaume na wanawake, wakashindana kwa upinde huko Stoke Mandeville, Uingereza.

Sasa njia ya kusoma. Shahada yenye jina hili inapatikana zaidi Marekani na Kanada. Marekani cheti cha taaluma, CTRS, hutolewa na baraza liitwalo NCTRC, lililoundwa mwaka 1981. Kwa njia ya kawaida wanataka shahada, masomo niliyoyataja na ya fani yenyewe, mtihani, na fildi ya saa zisizopungua 560 katika wiki 14 mfululizo. Cheti huhuishwa kila baada ya miaka 5.

Hapo kwenye fildi ndipo ndoto za wengi zinapokatikia. Msimamizi wako lazima naye awe na CTRS. Anayepanga kusoma kule kisha arudi kufanya fildi nyumbani ili apunguze gharama, atakuta hana wa kumsainia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo liwe: mna mikataba na hospitali zipi, na mwanafunzi wa kigeni hupangiwa au hujitafutia? Ukiwa na viza ya mwanafunzi, kwa kawaida lazima umalize mwaka mmoja wa masomo, na ruhusa ya fildi iandikwe kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Weka pia fedha za wiki hizo 14, maana fildi nyingi hazilipi na unaweza kupelekwa mji mwengine.

Kwa asiye na uwezo huo, rai yangu ni kusoma fani iliyo jirani nayo. Tiba ya kazi, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, inafundishwa hospitali ya KCMC, Moshi, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana skuli ya afya Mbweni. Muuguzi au mtaalamu wa tiba ya kazi mwenye leseni anaweza kuyafanya mengi ya burudani tiba akiwa na cheo kinachotambulika. Mwenye shahada ya nje itabidi aipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ikatambuliwe, na kwenye tangazo la ajira asitegemee kulikuta jina la fani yake. Mahitaji yapo: hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, nyumba za wazee Sebleni, Welezo na Limbani, madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili.

Ukiomba kujitolea huko, usiende na CV peke yake. Nenda na karatasi moja yenye shughuli moja, lengo lake, vifaa na bei zake, hatari zake, na jinsi utakavyopima. Andika na saa, na ratiba ya pili ya Ramadhani, kwa sababu kikao cha saa kumi jioni mwezi huo hakipati mtu.