Kaa unywe

Bibi yangu alifariki mwaka 2006, ule mwaka wa ukame na mgao wa umeme. Nilikuwa nasoma Dar, nikapanda basi la asubuhi kuja Tanga nikakuta wameshazika, maana sie maiti hailazwi hivi hivi. Msiba ulikuwa nyumbani hapo hapo Ngamiani, kwenye ile mitaa inayoitwa kwa namba, na nyumba ya Bibi ina baraza ndefu ya saruji inayotazama njia.

Kwenye baraza hiyo tangu nipate akili kulikuwa na mtungi. Bibi aliuweka sabili, yaani mpita njia yeyote anywe, haulizwi mtu katoka wapi wala dini gani. Kila Alhamisi jioni anauosha, anaugeuza mdomo chini juu ya chetezo, ubani unafuka humo ndani mpaka udongo unaushika moshi, ndo maana maji yake yalikuwa na harufu ambayo mie mpaka leo sijaipata kwenye friji la mtu. Na kwa mgao ule mafriji yenyewe yalikuwa makabati tu ya kuwekea vyombo, mtungi hauna habari na Tanesco, unatoa jasho lake, upepo unapita, maji yanapoa.

Kuujaza ilikuwa kazi yangu nilivyokuwa shule ya msingi, ndoo mbili kabla sijavaa yunifomu, na nilikuwa naichukia kwelikweli. Nikamwambia siku moja Bibi hawa watu wenyewe hata asante hawasemi, wanakunywa wanaondoka. Akasema, "We jaza tu." Macho yalikuwa yameshapungua nguvu, muda mwingi yuko chumbani nyuma ya dirisha, ila akisikia kata imegonga mtungi anapaza sauti, "Kaa unywe!" Hataki mtu anywe kasimama. Hata mtu mzima na ndevu zake atakaa.

Sasa wakati wa msiba mtungi ukaondolewa ili majamvi yaenee, ukapelekwa uani. Tukasoma khitma siku ya tatu, watu wakatawanyika, wazee wakakaa kuangalia alichoacha marehemu: sanduku la kanga, cherehani, kitanda cha besera. Mtungi hakuna aliyeutaja, na mie pia sikuukumbuka.

Kesho yake saa saba mchana, jua kali la kaskazi, niko barazani peke yangu, akaja mzee mmoja na mkokoteni umejaa magunia ya mkaa. Akaegesha, akaja moja kwa moja mpaka pale pembeni, akasimama anaangalia ile alama ya duara iliyobaki kwenye saruji.

"Shikamoo."

"Marahaba kijana. Maji vipi leo?"

Nikamwambia mwenyewe amefariki. Yule mzee akakaa chini pale pale, akasema inna lillahi, kisha akanyamaza muda mrefu mpaka nikaona niingie ndani nimletee maji ya kwenye jagi. Akayapokea kwa mikono miwili, akanywa kidogo kidogo, kakaa.

Akaniambia anapita njia ile miaka tisa. Bimkubwa hajawahi kumwona uso hata siku moja, anajua sauti tu, ile ya dirishani. "Nikigusa kata tu, kaa unywe! Basi mwanangu nimezoea, siwezi tena kunywa nimesimama, hata nikiwa sokoni nachutama. Na nyumbani watoto wangu nawaambia hivyo hivyo, kaa unywe, wakiniuliza kwa nini nawaambia ndo tunavyokunywa sie."

Hapo nikashindwa kujizuia, nililia kuliko nilivyolia nilipopelekwa kaburini kwake. Kuna watoto nyumba fulani siijui, huko wanakunywa maji kwa amri ya bibi yangu, na wala hawajui kama aliwahi kuwepo.

Yule mzee akaniuliza jina lake, anataka amtie kwenye dua. Nikamtajia la kwake na la baba yake. Akalirudia taratibu mara mbili asije akalisahau njiani, akashika mkokoteni wake akaenda.

Nikaenda uani kuuchukua mtungi. Ulikuwa mkavu kabisa, nikaufukiza ubani, nikabeba ndoo mbili. Siku ile maji hayakupoa mpaka magharibi.