Boti iliyopanda ngazi

Jamani, wiki iliyopita nimepanda ngazi nikiwa ndani ya boti! Ni Mfereji wa Rideau, Kanada: kilomita 202 za mifereji, mito na maziwa kati ya Ottawa na Kingston, tangu 1832. Pale Ottawa kuna vyumba vinane vya mawe vilivyofuatana kama ngazi, vya kuinua boti kwa kujazwa maji. Unaingia, lango linafungwa, unazima injini, unapitisha kamba kwenye waya unaoning'inia ukutani. Wahudumu wakazungusha chuma kwa mikono yao, mnyororo ukalia, maji yakafurika chini yetu. Ukuta ulionipita kimo, umelowa na kujaa mwani wa kijani, ukazama taratibu hadi ukanifika kiunoni. Maziwa ni mazuri, shwari kabisa, lakini mwanangu kila saa: "Mama, lango lingine liko wapi?"