Chalbi kwa Miguu, Mwisho wa Machi

Tulitoka Kalacha, kijiji cha ukingoni mwa jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya, saa kumi na moja na robo alfajiri, nyota zingali angani. Kwenye Chalbi unapanga saa kwanza, kilomita baadaye. Kutoka alfajiri hadi saa tatu na nusu, mguu unakata kilomita 15 za uwanda mkavu bila taabu. Kutoka saa tano hadi saa tisa, kilomita 3 tu zinaweza kumlaza mtu. Kalacha iko nyuzi 3 hivi kaskazini ya ikweta, na mwisho wa Machi jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa: kivuli chako unakikanyaga.

Maji tuliyajaza Marsabit mjini. Chemchemi za Kalacha zina magadi. Ngamia wanayafuata kwa hamu, lakini tumbo lisiloyazoea huyakataa. Hesabu ilikuwa lita 10 kwa mtu kwa siku nzima na usiku wake, 6 au 7 za kunywa, zinazobaki za kupikia na kunawa. Tulikuwa watano pamoja na mzee wa Kigabra aliyetuongoza, basi lita 50, na 30 za akiba. Hiyo ni mitungi minne ya lita 20, miwili kila ubavu wa ngamia. Ngamia hapakiwi mitatu: mzigo ukilalia upande mmoja, tandiko linamchubua mgongo, na kesho hakuna wa kubeba. Tena mtungi mmoja ukipasuka umepoteza robo, hujapoteza yote.

Kila mtu alibeba lita 4 zake mgongoni. Tulikunywa mafunda machache kila dakika 20, kiu ije isije. Wengi hukosea hapa: wanakunywa maji matupu kwa wingi, jasho limeshatoa chumvi yote, kisha wanashangaa kichwa kinauma na miguu inakaza ilhali chupa haijawahi kukauka. Lita moja kati ya kila tatu tuliichanganya na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Chumvi ikizidi ni afadhali usingeiweka.

Uwanda wenyewe ni sakafu ya ziwa la kale, na mvua ikinyesha milima ya Huri au Marsabit maji bado hukusanyika humo. Ukoko mweupe uliopasuka vipande vipande, unaolia chini ya kiatu, ni salama. Ukoko wa rangi ya kahawia, laini na usiolia, una tope chini. Mguu huzama hadi kifundo, gari hadi ekseli. Kupunguza upepo wa tairi hadi psi 20 hivi kunasaidia kwenye mchanga, lakini kwenye tope hilo hakuokoi kitu. Mzee alifuata nyayo za ngamia tu, nasi tukafuata nyayo zake.

Dira ya macho ni mlima Kulal, mita 2,285, upande wa kusini-magharibi. Vumbi likipanda hauonekani, kwa hiyo tulisoma dira ya mkononi mapema. Kufikia saa tatu mazigazi yalishaanza: mikoma ya Kalacha, miti ya jamii ya mitende, ilining'inia hewani juu ya maji yasiyokuwapo, na masafa yakawa uongo mtupu. Simu tulizifunga ndani ya nguo katikati ya mkoba, maana juani hupata moto na kujizima, na ramani inazimika nayo. Viatu navyo: gundi ya soli hulainika kwa joto hilo. Soli moja ilifunguka mbele kama mdomo wa kambare, ikafungwa kwa utepe mpana wa kunata, mizunguko minne.

Saa nne tulikuwa tumerudi kwenye ukingo wa mikoma. Kivuli cha mkoma ni chembamba na kinahama, ukilala unaamkia juani. Tulitandaza turubai, na juu yake shuka, tukiacha nafasi ya shubiri moja kati yake ili hewa moto ipite. Tabaka moja la turubai peke yake ni tanuri. Hukai chini pia, maana mchanga una moto kuliko hewa. Mkeka juu ya magunia unatosha. Hapo hatukusogea hadi saa kumi. Mtu akianza kuongea ovyo au kupepesuka saa hizo, hangojewi: analazwa kivulini, analoweshwa mwili mzima na kupepewa, na akiba ya maji ndiyo kazi yake hiyo.

Jioni tulitembea mwendo wa saa mbili hadi kwenye mchanga, na kazi ya kweli ikaanza: upepo. Ni huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule upande wa Loiyangalani, hutoka kusini-mashariki na hukaza usiku hadi alfajiri. Kambi iliyotulia saa moja jioni isikudanganye. Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema havishiki mchanga hata kidogo. Tulijaza mchanga vifuko vya unga vya kilo 2, tukafunga kamba shingoni, tukavifukia kimo cha mkono hadi kiwiko, kamba ikitoka kwa mlalo kuelekea hema. Vifuko sita kwa kila hema, kitako cha hema kusini-mashariki, mlango upande wa pili. Kona moja tuliyoifukia kwa haraka, shubiri moja tu, iling'oka saa nane usiku.

Chakula kilikuwa wali, viazi, chapati za jana na tende. Maharage tuliyaacha Marsabit kwa makusudi, yanakula gesi na maji. Tambi pia, kwa kuwa maji yake humwagwa. Jiko lilikaa ndani ya shimo la kimo cha sufuria. Juu ya ardhi upepo ulikuwa ukiuzima moto kabla maji hayajatoa hata povu.

Viatu vililala ndani ya hema, vimefungwa kwenye mfuko. Asubuhi tulivikung'uta hata hivyo. Nge mmoja, wa rangi ya mchanga, alitoka chini ya mkeka tulipoukunja, na mzee akamsogeza kwa fimbo bila kumuua. Mitungini zilibaki lita 22.