Ilianza Lini? Siku Yangu Moja Kwenye Kliniki ya Afya ya Akili

Pembeni ya daftari la MTUHA, ambalo ni la serikali la kuandikia taarifa za wagonjwa, ninalo daftari langu dogo nililonunua dukani. Nimelipiga safu kwa rula, na ya mwisho ndiyo ninayoijali kuliko zote: ilianza lini. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi. Mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha.

Saa 1:30 asubuhi

Sijafungua hata chumba, sista wa zamu ya usiku wodi ya wanaume ananishika mkono. "Njoo umwone baba wa kitanda cha sita. Usiku kucha anapambana na siafu. Wenzie wanasema mashetani ya mnazini yamemfuata."

Ni mgema. Jumatatu jioni aliteleza kutoka kwenye mnazi akavunjika mguu. Namkuta anafuta shuka kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama mtu anayekusanya mchele uliomwagika, kisha anakung'uta vidole sakafuni. Jasho limelowesha foronya. Mikono inatetemeka, na hajui kama ni asubuhi au usiku.

Namvuta mkewe kando. "Mama, mzee hunywa kiasi gani?"

"Anaanza akishuka mnazini asubuhi, sista. Mpaka kulala."

"Tangu lini?"

"Tangu hajanioa. Na kijana wetu mkubwa ana miaka 22."

Siku ya tatu bila tone, basi. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku, pombe ikikatwa ghafla huchachamaa: mtu hutetemeka, huona wadudu, huweweseka, anaweza kupata degedege na hata kufa. Hatari huwa kubwa kati ya siku ya pili na ya nne. Ndiyo maana huwa nawaomba ndugu wa mlevi wa muda mrefu wasimfungie ndani eti aache kwa lazima. Aache, ndiyo, lakini akiwa chini ya uangalizi. Daktari anaandika diazepamu, dawa ya kutuliza, na sindano ya vitamini B1 itangulie kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu ukitanguliza sukari kwa mtu aliyeishiwa na vitamini hiyo unaweza kumuumiza ubongo. Saa 2:15 ameanza kusinzia. Hakuna aliyemuuliza kuhusu pombe siku alipolazwa. Swali moja tu.

Saa 2:30

Dakika kumi kliniki ya mama na mtoto, kama kila Alhamisi. Kina mama wako kwenye foleni ya mizani, nami nasimama mbele kuzungumzia akili baada ya kujifungua. Wengine wananisikiliza, wengine wananyonyesha. Natoka bila kujua nimemgusa nani.

Saa 3:00

Mwanamke wa miaka 38 anaweka mfuko wa rambo mezani kwangu. Ndani mna dawa za maumivu, dawa za vidonda vya tumbo, vyeti vya malaria, vya tayfodi, picha ya kifua. Vyote safi. Kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka, usingizi hukatika saa 9 usiku na haurudi. Hajatamka neno "huzuni" hata mara moja, na wengi hawalitamki. Kwetu huku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, husema kwa kichwa, kwa kifua na kwa tumbo, na mtu huzunguka maabara mpaka pesa inaisha.

Nina karatasi ya maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Naliuliza na lile la tisa, la kutamani kufa, polepole na bila kukwepa macho. Wapo wanaoamini kwamba ukimuuliza mtu hivyo unamtia wazo kichwani. Si kweli. Anayelibeba hupumua siku anapoulizwa. Yeye ananyamaza, halafu anavuta ncha ya kanga mpaka mdomoni. "Naliwaza, sista. Ila nawaonea huruma watoto." Jumla inafika 17.

Ilianza lini? Tangu msiba wa mumewe, miaka miwili iliyopita. Alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kumalizia deni la matibabu, na wale vijana wa marejesho wanamfuata hadi sokoni mbele ya wateja wake. Hapo unaona jinsi sababu zinavyoshikana mikono: msiba, deni, aibu, kukosa usingizi, na mama yake mzazi naye, anasema, aliwahi "kujifungia ndani" mwaka mzima. Nani atasema ni kimoja tu kilichomwangusha?

Daktari anamwanzishia fluoksetini, dawa ya sonona, kidonge kimoja asubuhi. Nakaa naye kwenye jambo moja kuliko yote, kwamba dawa hii haifanyi kazi leo wala kesho. Wiki ya kwanza huenda akapata kichefuchefu tu. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na akipona ataendelea nayo kwa miezi kadhaa. Haimfanyi teja. Nusu ya ninaowapoteza huniacha siku ya kumi, wakisema dawa haina kazi.

Kwa yale mawazo ya kufa, dada yake aliyemsindikiza anaingia, tunakubaliana atalala naye na dawa atazitunza yeye. Na kila Jumanne atakuja tuzungumze. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi ambapo bibi waliofunzwa wanakaa na mgonjwa nje ya zahanati na kushughulika na tatizo moja baada ya jingine. Utafiti ulionyesha kwamba unafanya kazi. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo". Mimi sina benchi, nina viti viwili vya plastiki. Jumanne tutaanza na deni.

Saa 6:30 mchana

Wali maharage nikiwa nimesimama. Wenye kifafa kumi na wawili wamechukua dawa zao. Sindano ya kila mwezi ya kutuliza akili ya wagonjwa wengine wawili haipo stoo, na nimewapigia wasitumie nauli bure. Inaniuma, maana mmoja wao akikosa mwezi mmoja tu huanza kulala barabarani.

Saa 7:15

Mzee anaingia na mwanawe wa miaka 21. Shikamoo, marahaba. Kijana anacheka peke yake, ananyamaza, anageuza sikio ukutani. Vifundo vya mikono vina makovu ya kamba. Siulizi aliyemfunga. Mtu aliyekosa usingizi akimlinda mwanawe asiingie baharini hastahili kuhukumiwa na mimi.

"Ilianza lini, mzee?"

"Miezi kumi na minne. Tumekwenda kwa waganga watano. Ng'ombe wawili wameondoka."

Waliwahi kupewa haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, mahali fulani. Siku ya pili shingo ikakakamaa kuelekea begani na macho yakapanda juu, wakaamini dawa ndiyo imemkabidhi kwa majini, wakaitupa chooni. Lile ni tatizo linalojulikana la dawa hiyo, hasa kwa vijana wa kiume, na hufunguka kwa benzheksoli ndani ya muda mfupi. Hawakuambiwa. Mwaka mzima umepotea kwa kukosa sentensi moja!

Mzee ananiuliza kama amerogwa. Sibishani naye, maana nikishinda ubishi nitampoteza kijana. Namwambia ninachokijua: skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, humpata takriban mtu mmoja katika mia, mara nyingi huanza ujanani, hupita kwenye ukoo ingawa si lazima, na bangi huichochea kwa mwenye mbegu yake. Dua aendelee nayo. Dawa isikatwe. Tunaanza dozi ndogo, na benzheksoli pembeni, nami namwigizia kwa shingo yangu mwenyewe ile hali ilivyo, ili akiiona asikimbilie kwa mganga wa sita. Anaangalia kwa makini sana. Kisha anatoa simu na kuniomba namba.

Saa 9:40 alasiri

Nafunga madaftari, bajaji inasimama mlangoni kabisa. Bibi mmoja anashuka na mtoto mchanga kifuani, nyuma yake mkwewe anayesema bila kituo: kuhusu nuru, kuhusu maji, kuhusu mtoto aliyebadilishwa. Amejifungua siku nne zilizopita. Hajalala tangu jana. Anapoletewa mtoto anamkagua masikio na kusema, "Huyu si wangu."

Huu si ule unyonge wa kulialia wa siku za mwanzo, na wala si sonona ya uzazi. Ni wazimu wa uzazi, huwapata mama mmoja au wawili kati ya elfu moja wanaojifungua, na ni dharura. Tunapima joto, malaria, presha, sukari, tunatafuta maambukizi. Daktari anamlaza na kumwandikia dawa ya olanzapini. Mtoto haachwi naye peke yake hata dakika moja. Wengi wao hupona vizuri kabisa, lakini wakicheleweshwa yanaweza kutokea mambo yasiyosimulika.

"Bibi, mmepita wapi kabla ya hapa?"

"Hatukupita popote. Jirani alisema tumpunge kwanza. Mie nikakataa. Mwezi wa nne nilimsindikiza kliniki nikakusikia wewe pale kwenye mizani, ukasema mzazi akikosa usingizi na akamkana mwanawe, aletwe siku hiyo hiyo."

Naomba radhi, nageukia dirishani kidogo.

Saa 11:00 jioni

Mama amelala. Mtoto amenyweshwa maziwa, yuko mikononi mwa bibi yake, miguu imefunikwa kwa mtandio. Nafungua daftari langu dogo. Kwenye safu ya mwisho leo kuna zaidi ya miaka 22, miaka 2, miezi 14. Nateremka mstari mmoja, naandika: jana.