Kuutoa mpira

Jana tulimpokea kijana wa moto (pikipiki), taya la chini limevunjika na shavu limebonyea. Mpira wa kupumulia ulipitia puani, na meno ya juu na ya chini yakafungwa pamoja kwa waya. Upasuaji ulienda vizuri. Mama yake akanikamata mlangoni: "Docta, ile mupira mutamutosha saa ngapi?" Yaani, mtautoa lini. (Mimi ni muuguzi wa nusukaputi, lakini hapa Bukavu kila aliyevaa kijani ni docta.)

"Kesho, mama, tukiona uso umetulia."

Hakufurahi. Mpasuaji naye hakufurahi, kitanda kilikuwa kinasubiriwa. Sikulegea. Uso uliopasuliwa huendelea kuvimba siku 2 hadi 3, na uvimbe wa ulimi na koo hauuoni kwa nje. Mtu hupumua vizuri jioni, usiku wa manane koo likabana, umeme umekatika, mashine ya kunyonya inangoja jenereta. Utaurudishaje mpira na mdomo umefungwa waya?

Sisi hupongezana kwa kuuingiza. Kuutoa hakuna anayekuja kutazama. Ila uchunguzi mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2011, NAP4, ulikuta karibu theluthi moja ya ajali za njia ya hewa kwenye nusukaputi zilitokea mwishoni au mgonjwa akiwa anazinduka.

Leo asubuhi, baada ya usiku wa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na kichwa kuinuliwa, tulinyonya damu kinywani na tumboni, maana damu iliyomezwa huleta matapishi, na kutapika meno yakiwa yamefungwa ni hatari kubwa. Kitambaa kilichowekwa kooni kuzuia damu wakati wa upasuaji kilishatolewa na kuhesabiwa jana, nikauliza tena. Nikapunguza hewa ya puto linaloziba pembeni mwa mpira, nikaziba mpira kidogo, nikaweka sikio: hewa ikapita pembeni, yaani koo halijabana. Dalili nzuri, ingawa peke yake haitoshi. Kijana alifumbua macho, akanibana mkono nilipomwambia, akainua kichwa mwenyewe. Hapo ndipo nikauvuta.

Akakohoa, akapumua.

Koleo la kukatia waya, la soko la Kadutu, limefungwa kwa plasta kichwani mwa kitanda, na litamfuata popote atakapopelekwa. Lakini koleo bila maarifa ni chuma tu: nimemchorea muuguzi wa zamu waya za kukata, zile zinazounganisha juu na chini, si zilizozungushwa kwenye meno. Mama anauliza kama mwanawe anaweza kunywa uji leo. Kwanza maji, kidogo kidogo, na mimi nikiwa pembeni.