Wali wa nazi wa Malaysia: kula wapi bila kupigwa bei, na sambaza yetu (tule tusamaki twa ziwa Kivu) inaingia wapi

Mtoto wa mama mdogo amepata bursa ya kwenda kusoma Kuala Lumpur, na tangu wiki iliyopita kila usiku ananiandikia ku WhatsApp, yaya (njo vile ananiita, mimi mkubwa wake) viza ni vipi, yaya kule baridi iko (hakuna baridi ndugu yangu, ni joto na mvua tu, ile jaketi yako uache hapa Goma), na juzi njo akauliza swali la maana: yaya, kule tutakula nini? Nikaanza kumujibu kwa vokali, ya kwanza dakika nne, ya pili dakika sita, kiisha nikaona heri niandike hapa mara moja juu si yeye peke yake anauliza.

Utakula nasi lemak. Nasi ni wali, lemak ni ule utamu wa mafuta mafuta unaotoka ku tui la nazi. Watu wa Mombasa na Zanzibar watanicheka, wali wa nazi kwao ni chakula cha nyumbani tangu utoto, lakini siye wa Goma tunapikaka wali na mafuta na kitunguu, basi, nazi kwetu ni kitu cha safari. Nilifika Malaysia 2013 bila kujua kama wali unaweza kuwa na harufu ya namna ile.

Sasa ndani ya kile kifurushi muko nini. Wali umepikwa na tui, na jani la pandan limefungwa fundo na kutupwa mu sufuria, njo linaleta harufu. Pembeni karanga za kukaanga, vipande viwili vitatu vya konkombre (tango), yai la kuchemsha nusu ama robo, na ikan bilis, yaani tusamaki tudogo tukavu twa kukaanga mpaka tunalia kru kru mu meno. Juu ya byote iko sambal, ile pilipili nyekundu ya kupika. Siku ya kwanza nilifungua lile jani la ndizi nikaangalia tule tusamaki, nikasema mwenyewe kwa sauti, eh, si hii ni sambaza! Si sambaza, ile ya kwao ni ya bahari na ina chumvi kupita yetu, lakini mtu aliyekua na harufu ya Kituku, soko letu la samaki pale ziwani, mu pua hawezi kukosa kusimama kidogo.

Basi kununua wapi. Nitakupa kanuni yangu moja na nimeitumia miaka yote mitatu niliyokaa kule: mahali popote pageni, kwanza uliza ile ya kawaida. Wanaiita "biasa", na ile iliyofungwa tayari wanaiita "bungkus". Kuku, rendang (nyama ya kupikwa na nazi na viungo), ngisi, byote vinaweza kuficha wali mbaya, lakini kifurushi kitupu chenye wali, sambal, karanga na tusamaki hakina pa kujificha. Kikiwa kitamu, kesho rudi uongeze kuku. Kikiwa kibaya umepoteza pesa ya chai tu.

Kartiye yangu ilikuwa nje kidogo ya mji, karibu na kituo cha treni, na asubuhi kulikuwa makcik mmoja na meza ya plastiki na mwavuli, hana jina la duka, hana kibao, hana chochote. Vifurushi amevipanga kama vilima vidogo, vya pembe tatu, jani ndani na karatasi ya kahawia nje, na pembeni kopo la biskuti la kutia makuta. Hakuwa anahesabu. Unatia ringgit yako na nusu (ringgit njo pesa ya kule), unabeba kifurushi, unaenda. Kama huna chenji unajirudishia mwenyewe mu kopo. Mimi mtoto wa Birere, kartiye ya biashara ya Goma, nilisimama pale nikaangalia lile kopo nikasema huyu mama kwetu angefunga biashara siku ya pili. Saa tatu ya asubuhi meza ilikuwa tupu, anakunja mwavuli wake anarudi nyumbani. Ukichelewa darasa ulimukosa, ukilala sana ulimukosa, na njo alama ingine ninakupa: kibanda kizuri cha asubuhi kinamaliza mapema. Ukipita saa tano ukute vilima vya vifurushi bado viko pale na jua limepiga, pita tu.

Makcik, kwa wasiojua, njo vile wanaita mama yeyote wa umri ule. Mak ni mama, cik ni kifupi cha kecik, mdogo. Mama mdogo! Kabisa kama sisi. Na si hilo tu, wakikusalimia wanasema "apa khabar" unasikia habari palepale, sabuni ni sabun, dunia ni dunia, wote tuliokota kwa Waarabu. Hayo tuyaache, njaa haingoji masomo ya lugha.

Bei. Wakati wangu bungkus ilikuwa ringgit 1.50, ukienda 2 mama ameongeza yai zima. Dola moja ilikuwa ringgit 3 na kitu nilipofika, mu 2015 ikapita 4, sisi tuliokuwa tunatumiwa dola kutoka nyumbani tulicheka wakati wenyeji wanalia, na mwezi wa nne wa mwaka ule serikali ilikuwa imeleta taksi (kodi) ya 6 kwa mia, vitu vikapanda mu maduka lakini makcik wangu akabaki palepale ku moja na nusu, alichofanya ni kupunguza karanga kidogo. Niliona. Sikusema. Siku hizi wadogo walioko kule wananiambia bungkus ni 2.50 ama 3, na hiyo bado ni bei ya haki. Ukiambiwa 6 kwa kifurushi kitupu cha barabarani, huyo amesikia matamshi yako ya kigeni.

Mimi walinipiga mara moja vizuri. Mwezi wa kwanza, kabla sijamujua makcik, nilikula mu mol moja kubwa mjini, foto ya ukutani inang'aa, nikaonyesha kidole hiki, na hiki, na kile, yule kijana anatia tu anatabasamu, kufika ku kesi ya kulipia ringgit 23. Wali baridi, hauna harufu ya nazi ata kidogo, sambal tamu kama konfitiri. Kosa lilikuwa langu pia juu vitu vya kuonyesha kidole njo vinaua mfuko: kuku moja, ngisi moja, yai ingine, kila kimoja kina bei yake na haijaandikwa. Uliza kabla hajatia. "Berapa?" ni ngapi. Neno hilo moja litakuokolea bursa.

Kama unataka majina, yako. Mjini Kuala Lumpur enda Kampung Baru, kartiye ya zamani ya Wamalay, nyumba za mbao chini ya ile minara miwili ya Petronas, unakula umekaa ku kiti cha plastiki na minara iko juu ya kichwa chako. Pale iko Nasi Lemak Antarabangsa, wako tangu 1973, sisi tulikuwa tunaenda usiku juu mchana joto linakunyima hamu. Iko pia Tanglin, karibu na ile bustani ya ziwa, wanasema wameanza 1948, hiyo ni ya asubuhi. Village Park kule Petaling Jaya kila mtu atakuambia, na kuku wao wa viungo kweli ni mtamu sana siwezi kudanganya, lakini ile ni restora, si kibanda, na ukiongeza kuku unapita ringgit 10 bila shida, enda siku umefaulu mtihani.

Singapore nilienda mara moja na bisi, masaa kama sita na mpaka ndani yake. Kule hakuna mama wa mwavuli barabarani, serikali iliwaondoa wauzaji wote wa njiani tangu miaka ya 1970 ikawajengea majumba yenye vibanda vingi, meza ni za wote, maji iko, na mu 2020 UNESCO ikaandika utamaduni ule mu orodha yake. Waza soko letu la Virunga na paa zima, na kila mama ana namba yake na robine yake. Ku Adam Road iko kibanda kinaitwa Selera Rasa, wanapika na basmati, punje ndefu zinaachana, mstari ni mrefu lakini unatembea. Changi Village vibanda vya nasi lemak vimekaa jirani jirani na watu wanagombana nani mkali, mimi niliangalia mstari mrefu nikaingia ule mfupi juu nilikuwa na njaa, na sijajuta. Boon Lay wana sambal tamu tamu, wengine wanaipenda, mimi hapana. Yote ile sahani ya kawaida nililipa chini ya dola 5 za Singapore, ambayo kwa mji ule ni kama bure. Ndugu zangu Waislamu, vibanda vya Wamalay ni halali, ila Singapore kuna Wachina pia wanauza nasi lemak na wengine wanatia nyama ya nguruwe ya kopo, angalieni ile alama ku kibao kabla ya kukaa.

Na kujua kama ni nzuri kabla ya kulipa? Angalia sambal. Nzuri ni nyekundu ya giza, karibu kahawia, na mafuta yamepanda juu yamejitenga, maana yake imekaa ku moto polepole. Ile nyekundu ya kung'aa kama rangi ya ukuta imepikwa mbio. Kiisha wali: unang'aa lakini haujalowa, ukiufinya haubaki donge. Harufu utaipata wakati jani linafunguka, isipotoka palepale haitatoka tena.

Sasa nimerudi Goma miaka mingi na ile hamu haijaisha, basi siku ya Mungu nikapika. Tui la kopo nilipata Birere, dola 2 na kitu kopo moja, lilinifunga mdomo kidogo. Pandan hakuna, nikatia sitroneli (mchaichai) ileile mama anapikia chai, na kipande cha tangawizi, harufu ikawa yake mwenyewe lakini si mbaya. Ikan bilis nikatafutia mu sambaza kavu, nikatoa vichwa, nikakaanga mpaka zikalia. Sambaza hizi nazo ni wageni, watu wazima wanajua, zilitolewa Tanganyika zikatiwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, kwa hiyo nikasema mgeni kwa mgeni watasikilizana.

Wakasikilizana. Shida ilikuwa pilipili. Sambal ya kule inapikwa na pilipili kavu ndefu, inaloweshwa, inasagwa na kitunguu na kitunguu saumu, ina rangi nyingi na ukali wa wastani. Mimi nilichukua pilipili yetu ile ndogo ya mviringo, kwa kipimo kilekile. Mama alitia kijiko kimoja mu kinywa, akanyamaza, machozi yakashuka, kiisha akauliza kwa upole: mwanangu, huu ni wali ama ni dawa ya minyoo? Mdogo wangu alikula wali na yai tu. Mara ya pili nilitumia nyanya nyingi, pilipili mbili tu bila mbegu, ukwaju hakukuwa nikatia ndimu na sukari, nikaiacha ku makala (makaa) saa nzima ikitokota mpaka mafuta ikapanda juu. Hapo mama akaomba tena.

Nilihesabu kama inaweza kuuzwa. Kopo la tui linatoa kama sahani nne, mchele, yai, mafuta, makala, ukipiga hesabu vizuri sahani inapita faranga 4000 kabla ya faida, na ku kona yetu mtu anataka ashibe kwa 2000 na maharagi juu. Hakuna makcik wa Goma basi, si kwa nazi ya kopo.

Ila mama anayekaanga sambaza pale chini karibu na parking ya motari, nilimupelekea sambal kidogo mu kopo la mayoneze aonje. Wiki ilifuata nikapita, nikakuta ameipika mwenyewe, nyekundu ya giza, mafuta juu, imekaa pembeni ya karai. Nikaagiza fungu la 500 kama kawaida, nikanyoosha mkono nichote. Akanipiga ku vidole na kijiko.

"Sambaza ni 500. Ile pilipili yako ya Malaysia ni 200 mbali."