Seti ipi sasa? Naanza kuhesabu kutoka mkiani

Jumapili, usiku. Swali ni moja: seti ninayoikusanya, yaani kadi zote za mwaka mmoja, ikikamilika, inafuata ipi? Wakusanyaji wengi wa kadi za zamani za besiboli hulijibu kwa kutazama sura: rangi ya kadi, nyota waliomo, au mwaka waliozaliwa wao wenyewe. Si vibaya. Ila seti haikwami kwa nyota. Nyota wapo sokoni kila siku, ni suala la pesa tu. Seti hukwama kwa mrushaji wa akiba asiyekumbukwa na yeyote, ambaye kadi yake ilichapishwa kidogo, na ukianza bila kumjua utakaa na mifuko mitupu kwenye faili miaka na miaka. Kwa hiyo leo nazipima seti za Topps, kampuni ya Kimarekani ya kadi hizo, kwa kadi zake za mwisho kupatikana, si za kwanza.

Chanzo cha uchache huo ni chingamu. Topps ya Brooklyn ilikuwa kampuni ya chingamu kabla ya kuwa ya kadi. (Anayeita chingamu "bazoka" anataja chapa yao, iliyoingia madukani 1947.) Kadi ziliwekwa kwenye pakiti pamoja na kipande cha kutafuna, na hadi 1973 hazikutoka zote kwa mkupuo. Zilitoka awamu kwa awamu, kuanzia majira ya kuchipua hadi msimu unakaribia kwisha. Awamu ya kwanza watoto waliipapatikia. Ya mwisho ilifika shule zimeshafunguliwa, macho yamehamia kwenye futiboli ya Kimarekani, na mwenye duka bado ana maboksi ya awamu iliyopita hayajaisha, basi akaagiza kidogo au asiagize kabisa. Hizo ndizo namba za juu, na ndizo zinazomaliza watu.

Kuna na hesabu ya kiwandani. Kadi za ukubwa wa kawaida zilichapishwa kwenye karatasi kubwa yenye nafasi 132, kisha zikakatwa. Awamu ikiwa na idadi isiyoingia sawasawa kwenye nafasi hizo, baadhi ya kadi hurudiwa ili karatasi ijae, na nyingine hubaki mara moja tu. Ndiyo maana ndani ya awamu moja ngumu zimo kadi ngumu zaidi ya nyingine.

Mfano unaojulikana ni 1952. Seti ina kadi 407, na ugumu unaanzia 311 hadi mwisho, kadi 97. Namba 311 ni Mickey Mantle. Watu husema Mantle ni adimu, lakini yeye, Jackie Robinson wa 312 na Bobby Thomson wa 313 walichapishwa mara mbili pale ambapo wenzao walichapishwa mara moja. Mantle ni ghali kwa sababu kila mtu anamtaka, na mmoja aliye katika hali ya kushangaza aliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Jirani yake ni ghali kwa sababu hapatikani. Ugonjwa tofauti, dawa tofauti: wa kwanza unamsubiri mpaka uwe na pesa, wa pili unamnunua siku unapomwona. Wapo wanaokusanya 1 hadi 310 na kuishia hapo. Mimi ningeudhika kila nikifungua faili. 1952 naifuta kwenye orodha yangu.

1972 ina mvuto wake. Fremu zile zenye herufi kama za mabango ya senema ama uzipende ama zikuumize macho. Lakini ni kadi 787, na kuanzia 657 hadi 787, kadi 131, ndiyo awamu chungu. Humo mna Rod Carew wa 695 na Steve Garvey wa 686, na mna wale waliohama timu, kama Steve Carlton wa 751 na Frank Robinson wa 754. Kadi ya Carlton Fisk ya kuanzia, yaani yake ya kwanza, namba 79, iko kule mwanzoni kwenye kadi rahisi, ndiyo maana watu huingia wakicheka. Anayeitaka seti hii aanze na 657 kwenda juu. Akizishindwa hizo, awe hajapoteza pesa kwenye 656 za chini.

1971 inahitaji maneno zaidi, maana matatizo yake si ya idadi peke yake. Kadi 752, namba za juu kuanzia 644, na zote zina fremu nyeusi. Fremu nyeusi haisamehe. Kadi yenye ukingo mweupe ikigongwa, huoni kitu. Nyeusi ikigongwa, wino unabanduka na karatasi nyeupe inachungulia. Hapo wajanja huchukua kalamu ya wino mweusi na kupaka. Kuikamata kazi hiyo unahitaji lenzi ya kukuza mara 10 na taa moja ya pembeni. Usitazame uso wa kadi, itazame kwa ubavu, pale unapoona unene wake. Kadi isiyoguswa ina ubavu mweupe au wa kijivujivu, kwa sababu wino wa kiwandani ulikaa juu tu kabla ya kukatwa. Iliyopakwa ina weusi uliozama ubavuni, hasa kwenye kona. Chini ya taa ya urujuanimno wino wa kalamu mara nyingi hung'aa tofauti na wa kiwandani.

Na kuna waliokwenda mbali zaidi, wakakata ukingo ulioharibika. Kipimo sahihi ni inchi 2.5 kwa 3.5, yaani milimita 63.5 kwa 88.9. Kiwanda chenyewe hakikukata kwa unyoofu wa rula, kwa hiyo tofauti ndogo pekee haitoshi kumtia mtu hatiani. Iweke kadi unayoishuku katikati ya kadi mbili za seti ileile ambazo huna shaka nazo, gonga pamoja juu ya meza, tazama upande mmoja baada ya mwingine. Iliyopunguzwa huzama. Kona kali kama wembe kwenye kadi yenye mikunjo nayo ni ya kushangaa: maisha hayamchakazi mtu mwili mzima yakaacha viwiko.

1975 ni kinyume chake. Kufikia 1974 Topps walikuwa wameacha awamu na kutoa seti yote mara moja, kadi 660, ambazo ni karatasi tano kamili za 132. Hakuna namba za juu, hakuna waliorudiwa. Fremu za rangi mbili, George Brett wa 228 na Robin Yount wa 223 katika kadi zao za kuanzia, Hank Aaron akifungua namba 1 na kufunga 660. Namba 407 ni Herb Washington, ambaye kazi yake iliyoandikwa kwenye kadi ni mkimbiaji wa badala tu, hapigi, hadaki. Ugumu wa 1975 ni hali ya kadi, si upatikanaji. Rangi hubanduka ukingoni karibu kama 1971, na nyingi hazikukaa katikati wakati wa kukatwa. Kuna na toleo dogo la kadi zilezile, inchi 2.25 kwa 3.125, kwa anayetaka kujitesa. Kwa anayeanza kukusanya, hii ndiyo ningempa bila kusita. Kwangu ina kasoro moja: inanunulika nzima asubuhi moja, na baada ya hapo hakuna cha kutafuta.

Zimebaki mbili, 1956 na 1957, na hapa ndipo mizani inapoyumba.

1957 ndiyo ya kwanza kwa ukubwa huu wa inchi 2.5 kwa 3.5 ambao ulikuja kuwa wa kila mtu. Kadi 407. Ni msimu wa mwisho wa timu za Dodgers kuwa Brooklyn na Giants kuwa New York kabla hawajahamia magharibi. Picha ni za rangi halisi, nyingi zimefifia gizani, na vitone vyeupe vya uchapaji vimetapakaa kama chuya kwenye mchele. Aaron wa namba 20 picha yake iligeuzwa, akaonekana anapiga kwa kushoto. Mtego wa seti hii hauko mwisho, uko katikati: awamu ya nne, 265 hadi 352, kadi 88. Humo wamo Sandy Koufax wa 302 na Brooks Robinson wa 328, hii ikiwa kadi yake ya kuanzia, kwa hiyo uchache na umaarufu vimekutana mahali pamoja. Juu ya hapo kuna kadi nne za orodha ya kadi za seti, zisizo na namba, ambazo watoto walizitia tiki kwa penseli kama walivyoelekezwa. Safi ni za kuwindwa.

1956 ni kadi 340 na mbili za orodha. Ni kubwa, inchi 2.625 kwa 3.75, na zimelala: kichwa kikubwa cha mchezaji mbele, tukio la uwanjani nyuma yake, picha zote zikiwa zimepakwa rangi kwa mkono. Wasanii hawakuwa makini sana. Chukua Aaron wa 31: kichwa ni chake, ila yule anayeteleza kuelekea kituo cha nyumbani ni Willie Mays, amebadilishiwa kofia tu. Ukishaiona huwezi tena kutoiona. Kadi ya mwisho ya Jackie Robinson kwenye seti za Topps za wakati wake imo humu, namba 30. Mantle ni 135, Roberto Clemente 33, Koufax 79, Ted Williams 5. Stan Musial hayumo. Kadi ya timu ya Brooklyn, 166, ni ya klabu iliyotoka kuchukua ubingwa wake pekee wa World Series ikiwa Brooklyn, wa 1955.

Muhimu ni kwamba mkia wa 1956 hauumi, na ndiyo ninayoichagua. Awamu ya 181 hadi 260 ni ngumu kidogo, lakini hakuna ukuta. Kadi za 1 hadi 180 zina migongo ya aina mbili, ya kijivu na nyeupe, na hili liamuliwe kabla ya kununua hata moja: ama unachanganya, ama unashikilia rangi moja. Ukiamua katikati ya safari utanunua mara mbili. Mimi nachanganya.

Hali ninayoilenga ni daraja la 3 hadi 4, kwa kipimo kinachoishia 10, kwa kadi za makabwela, yaani wachezaji wasio nyota. Kwa Mantle nitakubali la 2 au hata 1, mradi picha imekaa katikati na rangi ni hai. Mkunjo mwepesi unaoonekana ukiinamisha kadi kwenye mwanga hushusha daraja vibaya sana, ilhali kwenye faili hauonekani. Nisichokubali ni karatasi iliyochunika nyuma kwa gundi, wino wa kalamu usoni, au mkato. Doa la nta ya pakiti likiwa usoni hutoka ukilisugua taratibu kwa kipande cha stokingi ya nailoni. Doa la chingamu mgongoni liache lilivyo.

Mpangilio wa kununua: kwanza fungu moja la kadi 150 au zaidi kwa pamoja, ambalo hushusha bei ya kila kabwela. Kisha kadi mbili za orodha, kabla ya nyota. Kisha Mantle, halafu wengine mmojammoja. Kila nyota apite chini ya lenzi: kwenye kadi halisi herufi nyeusi ni wino mzito usiokatika, kwenye nakala iliyopigwa skana herufi zenyewe zimevunjika kuwa vitone vya rangi. Namba 1, William Harridge, rais wa Ligi ya Amerika, si mchezaji na haimvutii mtu, ila aliye safi ana bei yake, kwa kuwa kadi ya juu kwenye fungu ndiyo iliyobanwa na rababendi. Mickey McDermott wa 340 alikaa chini, naye kavuna hayohayo.

Kurasa za mifuko tisa hazifai kwa ukubwa huu. Ni za mifuko minane, za polipropilini. Zile laini za PVC zenye harufu kali huachia mafuta yanayonata kwenye wino. Zinatakiwa 43, ambazo ni mifuko 344 kwa kadi 342. Miwili itabaki mitupu. Mmoja nimeshauwekea nia: Mantle wa mgongo wa pili.